Kipanya cha Shangazi Sigrada

"Kutosikika si kunyamaza." Ndivyo alivyosema mwenyekiti juzi kikaoni, watu walipotaka kufunga mjadala, nanyi mmenijia hapa jikoni na mahindi yenu ya kupukuchua, mkiniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mnadhani ni ya wahenga. Hapana. Yalizaliwa mbele ya macho yangu, na aibu niliyoipata siku hiyo ndiyo inayonifanya niyakumbuke yote. Methali hii ilianza namna hii.

Dada yangu Sigrada alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini na mmoja alizalisha wanawake wa vijiji vya huku kwetu Lupembe. Alikuwa mrefu, mwenye sauti iliyovuka shamba la chai kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua miguu, kikachukua mkono wa kulia, kikachukua ulimi. Hata shingo haikumtii, na kope zake zilicheza zenyewe bila mpango, usijue lini anakubali na lini anakataa. Kilimwachia macho, masikio, na vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Binti yangu Otilia ndiye aliyehamia kwake kumtunza shangazi yake. Alikuwa ameolewa mwaka uleule, na mumewe dereva wa malori alikuwa safarini mara nyingi. Otilia aliweka kompyuta juu ya meza mbele ya kiti cha mgonjwa, na chini ya vile vidole viwili akaweka kipanya kisicho na waya. Kwenye kioo zilijipanga herufi zote, kuanzia A. Sigrada alikisukuma kipanya polepole, mshale ukaifikia herufi, akabonyeza. Halafu herufi nyingine. Neno la kwanza aliloandika lilikuwa "chumvi". Mboga ya siku ile haikuwa na chumvi. Tulicheka mpaka tukalia.

Kwa miezi minne alizungumza nasi hivyo. Kisha kipanya kikaanza kukata mawasiliano. Mshale ulikuwa unaganda katikati ya kioo, unaruka kidogo, unaganda tena. Kwenye ukurasa vikawa vinabaki vipande vya maneno: "oti", "mig", "otil", "kic". Otilia akiona jina lake limeanza, alikimbia kwa shangazi yake, akamgeuza, akampa maji, akamfunika miguu. Macho ya mgonjwa yalibaki yamemkodolea vilevile.

Otilia alibadilisha betri. Alipangusa tumbo la kipanya. Alitandika kitambaa chini yake, akakitoa, akaweka kadibodi. Alizima kompyuta na kuiwasha mara sijui ngapi. Kipanya kilikubali kwa herufi tatu nne, kisha kikakata.

Mimi ndipo niliposema neno ninalolijutia hadi leo. Nilimwambia, "Mwanangu, usihangaike na kipanya. Ni shangazi yako anayeondoka. Akili inazimika kidogo kidogo, kama koroboi inayoishiwa mafuta."

"Baba, mtazame macho yake."

"Nimeyatazama. Analia tu."

Na kweli alikuwa akilia. Nilidhani nyimbo ndizo zinamliza. Maana ili asishinde katika ukiwa, nilikuwa nimemletea diski, kile kisanduku cha kuchomeka kwenye kompyuta, yenye nyimbo za kwaya yetu, ile aliyoiimbia sauti ya pili tangu usichana wake. Niliichomeka mwenyewe nyuma ya kompyuta, na kwaya ikawa inaimba kutwa nzima. Nikajiona ndugu mwema.

Basi nikaitisha kikao cha ndugu siku ya Jumamosi, tukubaliane kumwondolea kompyuta ili aache kuteseka. Otilia hakubishana nami. Alipiga simu Njombe mjini, akamwita Fundi Lusungu bila kuniambia.

Ndugu walikuwa wameshakaa, chai imeshamiminwa, mwanamke mmoja mfupi aliyevaa koti la mvua alipoingia na mkoba begani. Hakuanza na sisi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Sigrada, akainama, akamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, Mama. Naitwa Lusungu. Naomba ruhusa niguse meza yako."

Nakumbuka ndugu walitazamana. Ilikuwa muda mrefu hakuna aliyemwomba Sigrada ruhusa ya kitu chochote.

Fundi alitoa kompyuta yake mkobani. Kile kidude kidogo kama punje ya hindi kinachopokea mawasiliano ya kipanya, alikichomoa nyuma ya kompyuta ya Sigrada na kukichomeka kwenye yake. Akasukuma kipanya. Mshale ukateleza vizuri, juu, chini, huku na huku.

"Kipanya ni kizima," akasema.

"Ndilo nililolisema," nikadakia. "Kosa halipo kwenye kipanya. Ni mkono unaokishika, na kichwa kinachouongoza."

Fundi alikirudisha kile kidude mahali pake, akashika kipanya kwa mkono wake mwenyewe. Mshale ukaenda hatua mbili, ukaganda. Akangoja. Ukaruka, ukaganda. Akageuka kunitazama.

"Mzee, mkono huu ni wangu, na kimekata. Mimi nami akili imeondoka?"

Nilihisi chai ikipoa mkononi mwangu.

Fundi akapiga magoti nyuma ya meza. Alikaa huko kitambo, kisha tukamsikia akiuliza, "Hii diski imekuja lini?"

"Hii ni wiki ya tatu," Otilia akajibu. "Ni ya Baba."

"Na kipanya kimeanza kukata lini?"

Otilia alinitazama, akainamisha macho. Fundi aliifunga diski na kuichomoa. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti, na mshale ukatembea. Akaichomeka tena, kwaya ikaimba, mshale ukaganda. Alifanya hivyo mara tatu, nasi tukiwa tumesimama wote, kama watu wanaoshuhudia maiti ikipumua.

"Kipanya huzungumza kwa mawimbi," Lusungu alieleza huku akijipangusa magoti. "Sauti yake ni ndogo sana. Diski kama hii ikifanya kazi hutoa kelele yake, kelele ambayo masikio yetu hayaipati, na nyinyi mmeiweka pua kwa pua na kipokezi cha kipanya. Maskini kimeita wiki tatu zote hizi. Kutosikika si kunyamaza, Mzee."

Akatoa waya mfupi, akakileta kile kidude mbele ya meza, karibu kabisa na vidole vya Sigrada. "Haya, Mama. Sema sasa."

Vidole viwili vilianza kusogea. Nyumba ilikuwa kimya hata tukasikia kila mbonyezo. Otilia alisoma kwa sauti, herufi moja moja, nasi tukiunganisha kimoyomoyo.

"O. T. I. L. I. A." Dada yangu hakusimama. "Hospitali. Leo. Uso umevimba. Miguu. Anashika kichwa."

Otilia alikuwa na mimba ya miezi minane.

Nilimtazama binti yangu kana kwamba ndiyo kwanza naingia nyumbani mle. Uso wake ulikuwa umejaa, na pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole. Mimi niliyekuja pale kila siku nilikuwa nikisema amenenepa, mimba imemkubali.

"Kichwa kinauma?" nikamwuliza.

"Tangu wiki juzi, Baba. Nilidhani ni uchovu. Leo asubuhi naona kama vimulimuli machoni."

Mbele yetu vidole viliandika tena: "Kifafa cha mimba. Kimbieni."

Tulimpakia kwenye gari la fundi. Sikumbuki barabara, nakumbuka tu vile vumbi jekundu lilivyoingia dirishani na hakuna aliyefunga kioo. Hospitalini daktari alimpima shinikizo la damu, akapima mara ya pili, kisha akaanza kuita watu. Kabla jua halijazama Otilia alikuwa amefanyiwa upasuaji, na mtoto wa kike alikuwa amelia.

Daktari alitoka akanikuta kwenye benchi. "Nani aliyewaambia mumlete leo?"

"Dada yangu."

"Ni muuguzi?"

"Ni mkunga," nikasema. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisema "alikuwa mkunga".

"Mngesubiri hadi kesho, sijui tungekuwa tunazungumza nini."

Nilirudi kijijini Jumatatu. Nyumbani mwa dada kulikuwa na jirani amekaa naye. Nilikwenda kwenye kompyuta, nikaurudisha nyuma ule ukurasa aliokuwa akiandika, niuone wote kuanzia mwanzo. Oti. Otil. Ot. Mig. Otili. Kic. Oti. Kila mshale ulipoganda alikuwa amesubiri, na kila ulipoachia alikuwa ameanza tena. Nilianza kuhesabu. Nilipofika tisini na kitu machozi yalinizuia kuona, na ukurasa ulikuwa bado unaendelea. Mtu aliyebakiwa na vidole viwili alikuwa amepiga kelele kwa wiki tatu, katika chumba kilichojaa nyimbo zangu.

Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikaegemeza paji la uso kwenye mkono wake wa kulia. Nikasikia kipanya kikibonyezwa, nikainua kichwa.

Kwenye kioo aliandika: "Inuka, Gaude. Mtoto ana kilo ngapi?"

Kilo mbili na robo, nikamwambia. Akaandika: "Afunikwe vizuri. Baridi."

Hivyo ndivyo yalivyotokea. Ndugu waliokuwepo walikwenda na maneno ya fundi makwao, yakapita misibani na vikaoni, hata leo yanasemwa na watu wasiomjua Lusungu na ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Nanyi mtayasema. Ila kabla hamjayasema, mkimwona mtu ambaye kila mmoja amekubali kwamba hana neno, kaeni karibu naye, mzime kwanza kelele zenu wenyewe. Kutosikika si kunyamaza.