Majani ya Njano

Mama mmoja alikuwa na mayungiyungi mbele ya nyumba yake, huko milimani Upare. Jina lake Namkunda. Desturi ya kwao ilikuwa hii: binti akiolewa hutoka na tunguu la yungiyungi, lile shina nene la chini ya udongo, kutoka bustani ya mama yake, likiwa na ua lake juu, akalipande kwake. Naye alikuja hivyo. Mama mkwe wake, Bibi Naetwe, ndiye aliyempokea na kumwonyesha pa kulipanda: udongo usiotuamisha maji, samadi iliyooza vizuri, nyasi kavu juu yake. Tunguu likazaana, likajaza bustani.

Sasa binti yake, Siael, akapata mchumba. Washenga wakatuma habari kwamba watakuja pamoja na shangazi za kijana. Mnajua wenyewe ugeni wa posa unavyotia kiwewe. Chakula kilimshinda Namkunda. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Kila alichokitazama alikiona kwa macho ya wale shangazi. Msimu wa maua ulikuwa umepita, majani yamelala chini, ya njano, hayatazamiki. Na barazani alikuwepo Bibi Naetwe, anachambua maharage, anakohoa, anauliza jambo lile lile mara mbili. Namkunda akaogopa. Watasema, nyumba gani hii?

Akachukua kisu, akayakata majani yote usawa wa ardhi, akayafagia. Kisha akamshika mkwewe mkono kwa upole, nasema kwa upole, akamwambia kule nyuma karibu na jiko kuna joto, akapumzike. Akamwingiza chumba cha nyuma, akarudisha mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Siku ile mgeni alikuja, mwenyeji akafichwa.

Shangazi wakausifu uwanja. Harusi ikapangwa msimu wa maua. Na Bibi Naetwe hakurudishwa barazani, maana wageni wa posa hawaji mara moja wakaisha.

Mvua zikanyesha. Majani yakachomoza membamba kama ya vitunguu. Namkunda akaongeza samadi, akamwagilia, akainama kila asubuhi kutafuta tumba la ua. Hakuna. Kwa jirani maua yamejaa, yake yamedumaa. Usingizi ukampaa. Mtoto atatokaje hivi? Watu watasema mama yake hakumtakia heri. Alijilaumu kwa kila jambo, ila lile alilolifanya. Mwishowe akaufungua mlango wa nyuma, akamweleza mkwewe, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwuliza.

Bibi Naetwe alikuwa amekonda sana. Alisikiliza, akauliza kama majani ya msimu uliopita yaliachwa yakauke yenyewe. Namkunda akajibu kwamba aliyakata, yalikuwa yanatia aibu mbele za wageni. Yule mzee akasema:

"Mwanangu, jani la njano bado lipo kazini. Linashusha chakula chake chini, ili ua la mwakani lipate kula."

Namkunda akasimama pale, akaona kile kitanda, akaona kidirisha kinachotazama jiko, na kikohozi alichokuwa akikisikia kupitia ukutani sasa kilikuwa mbele yake. Akalia.

Siael aliolewa. Alitoka kwao na tunguu dogo lililosinyaa, limefungwa kwenye jani la mgomba, halina ua. Shangazi walilitazama, wakatazamana. Bibi Naetwe alirudishwa barazani siku hiyo na kiti chake. Alinyoosha mkono ambariki mjukuu, midomo ikacheza, sauti haikutoka.

Basi ninyi mnaofagia uwanja leo kwa sababu wageni wanakuja: kule chumba cha nyuma mmemweka nani?