Kipa Aliyetakiwa na Adui

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mabaraza yao na viti vya kukalia wakubwa, palikuwa na vijiji viwili na chemchemi moja. Kijiji kimoja kiliitwa Bondeni. Cha pili kiliitwa Ng'ambo.

Masika maji yaliwatosha wote. Kiangazi hayakutosha. Na kwa kuwa wanyama walikuwa wamechoka kuuana kwa ajili ya maji, walikubaliana wacheze mpira. Kijiji kitakachoshinda kitakunywa asubuhi kiangazi kizima, maji yakiwa safi. Kitakachoshindwa kitakunywa jioni, baada ya kwato zote za wenzao kupita humo. Na jioni, wadogo zangu, pale hapakuwa na maji. Palikuwa na tope.

Bondeni walikunywa tope miaka nenda miaka rudi.

Msidhani walionewa. Sheria iliwapendelea. Kila kiangazi kilipokaribia, vijana wasio na kijiji walishuka kutoka mlimani wakapanga mstari uwanjani, na vijiji vikawachagua kwa zamu, mmoja huku, mmoja kule. Aliyeshindwa mwaka uliopita ndiye aliyeanza kuchagua, ili dhaifu naye apate pa kujijengea. Bondeni walishindwa kila mwaka, kwa hiyo walianza kila mwaka. Na kila mwaka walichagua mshambuliaji.

Kwa nini? Kwa sababu Bondeni walikuwa na desturi yao. Mfungaji wa goli alibebwa mabegani, na nyumba yake ikatangulia kunywa kuliko nyumba zote za kijiji. Basi kila mzee alitaka jamaa yake awe mfungaji. Timu ikajaa washambuliaji, wote wanaukimbilia mpira mmoja, wanakanyagana kama nzige. Golini alisimama yeyote aliyeshindwa ubishi siku hiyo.

Mwaka uliotangulia alisimama Pundamilia. Akachoka kusimama peke yake, akaona wenzake wanashambulia, naye akaenda kushambulia. Mpira ukarudi juu ya vichwa vyao, ukadunda, ukaanza kuviringika polepole kuelekea lango tupu. Biringi, biringi, biringi. Bondeni nzima ikausindikiza kwa macho.

Walifungwa manne kwa moja. Lile moja lao alilifunga mpwa wa Simba, wakambeba mabegani wakiimba. Jioni nyumba ya Simba ikatangulia kunywa tope, na ikajivuna kwa kutangulia.

Sasa, mpiga mbiu wa Bondeni alikuwa Nguchiro. Ni mnyama mdogo, mrefu wa mwili, mfupi wa miguu, na ana mdomo usiofungika. Likiwapo tangazo, yeye ndiye aliyepuliza pembe, tiii, akalitangaza Bondeni, kisha akavuka akalitangaza na Ng'ambo. Alikuwa na watoto pacha, Kulwa na Doto. Kiangazi kile cha manne kwa moja Kulwa alikunywa tope, akaumwa tumbo, akazikwa kabla mvua haijarudi. Majirani waliendelea kumwita mama yake Mama Kulwa, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuhamia jina la Doto.

Doto alibaki. Na kiangazi kingine kilikuwa kinabisha hodi.

Wazee walipoketi kupanga uchaguzi, Nguchiro aliingia barazani bila kuitwa. Walikuwapo Mzee Tembo, mwenyekiti, na Simba, na Kifaru.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, Mama Kulwa," akasema Tembo. "Tangazo bado halijawa tayari."

"Sikuja kuchukua tangazo. Nimekuja na neno."

Simba akacheka puani. "Mbiu ina neno lake siku hizi?"

"Ina mtoto wake, bwana," akasema Nguchiro. "Wazee wangu, mwaka huu tuna nafasi tatu. Naomba ya kwanza tumchague kipa. Kutoka mlimani ameshuka Nyani, ana mikono inayofika magotini. Ya pili, beki wa kati, na Ngiri yupo. Ya tatu, kiungo. Twiga anauona uwanja mzima bila hata kugeuka."

"Na mshambuliaji je?" akauliza Kifaru.

"Tunao wa kufuga, mzee. Mpira ni mmoja."

"Ushindi huja kwa magoli," akasema Simba. "Hilo hulijui?"

"Nalijua. Mwaka jana mlifunga goli. Kwani mlikunywa asubuhi?"

Tembo akakohoa. Kifaru akatazama ukucha wake.

"Hujawahi kucheza," akasema Simba.

"Na wewe hujawahi kuzika mtoto kwa ajili ya tope."

"Mama Kulwa," akasema Tembo kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali, "pole yako tumeshakupa. Lakini mambo haya yana wenyewe. Mpiga mbiu hutangaza, hashauri. Duma ameshuka mwaka huu, na mbio zake wote tumeziona. Tutaanza na Duma. Nenda ukapumzike."

Nawauliza, wadogo zangu, je, alisema uongo? Alikosa adabu? Hoja yake ilikuwa na tundu wapi? Hakuna aliyeijibu. Walimpima kimo, wakamwonyesha mlango.

Nyumbani alimkuta Doto amelala chini, anailamba shingo ya mtungi.

"Wamekubali, mama?"

"Hawajasikia."

"Uliongea polepole?"

"Niliongea vizuri tu, mwanangu. Masikio yao yamekaa juu sana. Hayapokei kitu kinachotoka chini."

"Basi kinachotoka upande?"

Neno hilo likamwingia Nguchiro. Kisha akachukua pembe lake, akavuka kwenda Ng'ambo kutangaza siku ya kuchagua, kama kazi yake ilivyokuwa.

Aliporudi hakwenda barazani. Alikaa mlangoni kwake, mkia ameukunja, kimya. Mpiga mbiu kimya! Habari hiyo ilifika kwa wazee kabla jua halijasogea. Wakaja wote watatu, wenyewe, kwa miguu yao, hadi kwenye kibanda ambacho Tembo hakuweza kuingiza hata mkonga bila kupiga goti.

"Umeona nini huko?" akauliza Simba.

"Sijaona kitu, bwana."

"Mbona umenyamaza?"

"Mpiga mbiu hutangaza, hashauri. Nami sina tangazo."

"Mama Kulwa," akasema Tembo, "kama ni jambo la kijiji, liseme."

Nguchiro akashusha pumzi. "Wazee wangu, msije mkasema nimelileta mimi. Chui wa Ng'ambo hali, halali. Anaomba usiku na mchana Bondeni wamchague Duma, ili yeye ampate Nyani."

"Nyani?" Kifaru akainua pembe.

"Kipa. Anasema akimpata Nyani, na Ngiri, na yule Twiga, Bondeni hawatakunywa asubuhi mpaka wajukuu wazeeke. Ndivyo alivyosema. Mimi simjui Nyani. Mimi si nilifukuzwa?"

Wazee wakatazamana.

"Nilikuwa nimeshamfikiria huyo Nyani," akasema Simba.

"Hata mimi," akasema Kifaru. "Tangu juzi."

"Mikono yake ile," akasema Tembo, akitikisa kichwa kama aliyeigundua mikono mwenyewe. "Chui si mjinga."

Kifaru akamkokotea Nguchiro kigoda kilichokuwa pale mlangoni. "Kaa vizuri, Mama Kulwa. Hebu tuambie tena. Alisema aanze na nani?"

Siku ya kuchagua ilipofika, pembe likalia, tiii. Tembo akasimama. "Bondeni tunamchukua Nyani."

Kijana Nyani akageuka nyuma kuangalia kama kuna Nyani mwingine.

Upande wa pili Chui, mkubwa wa Ng'ambo, akacheka hadi meno ya mwisho yakaonekana, akamchukua Duma. Bondeni wakamchukua Ngiri. Chui akacheka tena, akamchukua Swala. Bondeni wakamchukua Twiga.

"Mnaona anavyocheka?" Simba akawanong'oneza wenzake. "Anacheka asije akalia."

Lakini uongo, wadogo zangu, una miguu mifupi kuliko hata ya nguchiro. Siku moja kabla ya mchezo, Simba alikutana na Chui kwenye mpaka.

"Pole kwa kumkosa Nyani," akasema Simba.

"Nyani yupi?" akasema Chui. "Golini ninaye Komba, anaruka kama moto wa nyasi. Nilikuwa nakesha kwa hofu ya Duma. Asante kwa kuniachia, jirani. Una moyo."

Simba alifika Bondeni akinguruma mpaka vyungu vikatikisika. Nguchiro akaburutwa barazani, na safari hii alikuwa ameitwa.

"Umetudanganya!"

"Ndiyo."

Hakulia wala hakujitetea. Hilo liliwachanganya kuliko uongo wenyewe.

Tembo akazungumza taratibu. "Mama Kulwa, wachezaji hawarudishwi. Kesho tutacheza na hawa uliotuchagulia. Tukishindwa, utahama Bondeni, wewe na mwanao. Na unajua kule nje hakuna hata tope."

"Nimesikia, mzee wangu. Naomba moja tu."

"Lipi?"

"Nyani asiondoke golini. Hata akichoka."

Uwanja ulijaa asubuhi hiyo, lakini hakuna aliyeimba. Upande wa Bondeni Nguchiro alisimama kwenye mstari wa pembeni, pembe shingoni, mkono wa Doto mkononi. Kando yao palikuwa na kifurushi kimefungwa tayari. Ndani yake mlikuwa na mtungi mtupu na kitambaa alichokuwa akibebewa Kulwa.

Kipenga kikalia. Duma akapata mpira, akaondoka. Vuu! Vumbi likasimama, washambuliaji wa Bondeni wakabaki wanalitazama. Mbele yake alikuwa Ngiri peke yake. Ngiri hakukimbia, hakurukaruka, alisimama tu mahali ambapo Duma alitaka kupita. Duma akaenda kulia, Ngiri yupo. Akaenda kushoto, Ngiri yupo. Mwisho akapiga kwa hasira, na mpira ukaelekea kwenye kona ya juu ambako Bondeni walizoea kufungwa.

Mkono mrefu ukatokea. Pa!

Mashabiki wa Bondeni hawakujua la kufanya. Walikuwa wamezoea kufunga macho. Pundamilia ndiye aliyeanza kupiga kwato chini, taratibu, kama anayeomba radhi.

Mchezo ukaenda hivyo. Swala akaja, akarudi. Duma akaja, akarudi, ulimi nje. Jua lilipokaribia utosi, Nyani akaudaka mpira wa kona akamrushia Twiga. Twiga akainua shingo. Akawaona wale washambuliaji wote wamerundikana mahali pamoja kama kawaida yao, na akamwona mmoja aliyesukumwa nje ya rundo, yuko peke yake, ananung'unika. Alikuwa mpwa wa Simba. Twiga akampelekea mpira miguuni, mbali na kila mtu.

Mpwa wa Simba hakuwahi kuupata mpira bila kunyang'anyana na jamaa zake. Alishangaa kidogo. Kisha akapiga, Komba akaruka, na wavu ukasema shwaa.

Moja bila. Likabaki moja bila mpaka kipenga cha mwisho.

Wakambeba mpwa wa Simba mabegani. Nyani alitoka golini akitembea, akapita katikati ya ngoma, na hakuna aliyemgusa hata bega. Nguchiro alimpungia. Yeye naye akapunga, na mkono wake ulionekana kutoka mbali.

Asubuhi iliyofuata Bondeni walishuka chemchemi jua likichomoza. Nyumba ya Simba ikatangulia, kama desturi ilivyotaka. Ikafuata ya Tembo, ikafuata ya Kifaru, na wengine na wengine. Nguchiro na Doto walikuwa wa mwisho kabisa. Hata ushindi una foleni yake, na wadogo huijua.

Simba alikuwa amekaa ukingoni, ndevu zinadondosha maji. Akasema bila kumtazama:

"Bado sijasahau kwamba ulidanganya."

"Wala usisahau, bwana," akasema Nguchiro. "Niliwaletea ukweli barazani mchana kweupe, mkanifukuza. Nikaurudisha ukweli uleule nimeuvalisha kofia ya adui, mkauvutia kigoda. Anayestahili aibu hapo si mimi."

Simba akasogea, akaacha nafasi ukingoni.

Doto akainama kunywa, akasita. Alikuwa hajawahi kuja chemchemi asubuhi. Maji yalikuwa safi hata mchanga wa chini ulionekana, na juu ya mchanga kulikuwa na uso mdogo, macho ya duara, unamtazama.

"Mama," akanong'ona, "Kulwa yumo humu."

Nguchiro akapiga magoti kando yake. Hakumsahihisha.

"Mwamkie," akasema. "Halafu unywe."

Hadithi yangu imefika chemchemini, wadogo zangu, na funzo lake ni hili: ushauri upimeni kwa uzito wake, msiupime kwa kimo cha aliyeutoa.