Viazi vya Shemeji

Wapendwa, asiwepo wa kusinzia, maana ndege ninayowapandisha leo inaruka sasa hivi!

Kulikuwa na bwana mmoja huko milimani, mahali ambako masika ikikolea barabara inakatika na gari halipiti. Mkewe akashikwa na kidole tumbo. Mama wa watu anajikunja, jasho linamtoka, hata maji hayakai tumboni. Wakapiga simu mjini, daktari akasema, "Mleteni leo. Kesho mtakuwa mmechelewa." Basi ikaja ndege ndogo ya watu wanne, ikatua kwenye uwanja wa nyasi wanakochungia mbuzi. Kijiji kizima mbio! Vigelegele, mbuzi wanafukuzwa huku na huku, we acha tu!

Rubani akashuka na mizani. Akampima mgonjwa, akampima mume, akapima na mkoba wa nguo. Akakanyaga nyasi, kiatu kikajaa maji.

"Baba," akasema, "uwanja mfupi, nyasi zimelowa. Ninyi wawili na huo mkoba, basi. Hata yai sipakii."

"Hata yai, rubani. Tumeelewana," akajibu yule bwana.

Lakini si mnatujua? Mjini yuko shemeji atakayewapokea. Utaingiaje kwa shemeji hivi hivi? Mkono mtupu haulambwi! Rubani alipokwenda kukagua uwanja kwa miguu, bwana yule akafungua mlango wa nyuma, akasukumiza gunia zima la viazi, akalifunika kwa kanga. Mkewe akamwona.

"Baba Anyisile, rubani si amekataa?"

"Nyamaza upone, mama. Viazi tu hivi."

Injini ikanguruma. Ndege ikatoka mbio, maji yanaruka, watu wanashangilia, na mume amefumba macho anaomba kwa nguvu zake zote: "Bwana, tuinue! Bwana, tuinue!" Jamani, si maombi mazuri hayo? Lakini katikati ya uwanja kulikuwa na jiwe lililopakwa chokaa. Ndege ikifika hapo haijanyanyuka, rubani hana ujanja, lazima asimame. Wakafika kwenye jiwe, magurudumu bado yako chini! Rubani akazima injini, akakanyaga breki. Wapi! Nyasi zimekuwa kama sabuni. Ndege ikateleza, ikateleza, puu! Mtaroni.

Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa. Lakini gurudumu la mbele limevunjika, ndege hairuki tena, na mama bado anaumwa vile vile. Rubani akafungua mlango wa nyuma, viazi vikamporomokea miguuni. Hakutukana. Aliuliza tu, "Baba, nilikukosea nini?"

Wanaume wanane wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakasema watambeba mama kwa miguu, wauvuke mlima mpaka kwenye barabara inayopitika. Wakamwinua.

"Ngojeni kidogo!" akapaza sauti yule bwana.

Wote wakajua sasa anatubu. Yule bwana akainama, akaokota viazi kimoja kimoja, akafunga gunia lake, akaja akaliweka juu ya machela, miguuni pa mkewe!

Mnacheka? Chekeni polepole, maana huyo ni sisi! Mungu ametutoa mtaroni juzi tu, hata matope hatujajipangusa, tayari tumeshaokota kile kile kilichotuangusha. Ugomvi wa shamba ulikulaza hospitali kwa presha, ukaombewa, ukatoka, na jioni ile ile ukaanza tena kumsema mdogo wako. Unadhani nani anakubebea? Mkeo anakubebea! Watoto wako, wazee wa kanisa hili, wanapanda mlima wakihema, na wewe unawahimiza waongeze mwendo!

Mnataka kujua kama mama alipona. Alipona. Gunia lile alilisukuma yeye mwenyewe kwa mguu, mgonjwa vile alivyokuwa, likaanguka, na hakuna aliyeligusa tena. Mumewe akaingiza bega chini ya mti, akabeba na wenzake.

Sasa tusimame tuombe. Lakini wewe ambaye hujasema na ndugu yako tangu mavuno, usiombe kwanza. Ninamwona, yuko benchi la tatu upande wa dirishani. Nenda kamshike mkono. Nenda, baba, usiniangalie mimi! Tutaomba mkimaliza. Tunawangoja.