Jino la Mlangoni mwa Ghala

Mpo?

Tupo.

Mmekula?

Tumekula.

Mmesukutua?

Mmenyamaza. Basi nyamazeni, hadithi yenyewe itawauliza tena. Naitupa.

Itupe, tuidake.

Zamani, ile zamani ambayo wadudu walikuwa wakipiga hodi kabla ya kuingia, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Kiliitwa Kwamteri. Watu wa Kwamteri walilima mahindi, na mahindi yao yote waliyaweka katika ghala moja, ghala kubwa la miguu ya mawe, lenye mlango mmoja.

Mlangoni palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda alikaa mama mmoja mzee, jina lake Bi Namcharo. Kazi yake ilikuwa kung'ata.

Msicheke. Jumbe mwenyewe hakuwa na kazi kubwa kama hiyo.

Mahindi yakivunwa huanikwa. Yakishaanikwa, kila mtu husema ya kwake yamekauka, kwa sababu kila mtu amechoka kuyaanua mvua ikinyesha. Lakini hindi bichi likiingia ghalani hupata joto. Joto huleta ukungu, ukungu humwita fukusi, na fukusi akishaingia hachagui hindi la nani. Kwa hiyo kila nyumba ilileta hindi moja kutoka kwenye rundo lake. Bi Namcharo alibandua punje ya kichwani, punje ya katikati na punje ya kitakoni. Aliiweka punje juu ya gego na kusema:

"Jino, sema."

Punje ikivunjika, ka, alisema, "Kavu. Pita."

Punje ikibonyea tu, nyaa, alisema, "Bichi. Rudi juani."

Hakuna aliyebishana na jino lile. Mwaka mmoja lilimrudisha jumbe juani, na jumbe akaenda, kapu lake kichwani, watu wakimtazama.

Sasa niwaambie habari za meno yenyewe. Wenzake Bi Namcharo, wale waliochezwa ngoma pamoja naye, walikwisha kubaki na fizi tupu. Walikuwa watu wa uji na ndizi za kuponda. Yeye alitafuna muhogo wa kuchoma na ganda lake lililoungua. Meno yake hayakuwa meupe sana. Yalikuwa na rangi ya pembe, yamesimama imara, na fizi zimeyashika kama udongo ulioshiba mvua unavyoshika mti.

Hakuyapata bure. Kila asubuhi alikata kijiti cha mswaki, akakitafuna ncha mpaka ikawa laini, akasugua kutoka kwenye fizi kwenda kwenye ncha ya jino. Mbele, nyuma, na huko pembeni ambako watu husahau. Kabla ya kulala alifanya vilevile. Alikula ugali, kunde, mchicha na matunda ya porini. Asali nayo aliila siku ya asali: alikula, akanywa maji, akamaliza. Hakuizungusha mdomoni kutwa nzima.

"Mdomo nao una zamu yake ya kupumzika," alisema.

Basi Fukusi, yule mdudu mdogo mweusi atoboaye nafaka, alikuwa na njaa. Alikwenda mlangoni mwa ghala.

"Hodi, bibi."

"Karibu, ila usipite mlango."

"Mdogo mimi, sina mzigo. Nipe pa kulala."

"Njoo ndani ya punje. Jino litakujibu."

Fukusi akaondoka. Akarudi siku nyingine, anasukuma tone la asali alilokuwa akilisukuma tangu alfajiri.

"Hodi, bibi. Mdogo mimi, sina mzigo. Nimekuletea asali uwe unamumunya hapo ulipokaa, uchovu usikupate."

"Ahsante, baba. Nitaila na chakula cha mchana."

Akaila na chakula cha mchana, akasukutua, akarudi kigodani. Fukusi alimchungulia kinywani akitafuta tundu. Hakuliona.

Akaja mara ya tatu.

"Hodi, bibi. Mdogo mimi, sina mzigo. Leo siombi kitu. Nauliza tu, siku ukifa, nani atakaa hapa?"

"Mjukuu wangu, Nakunda. Mavuno yajayo nitamkalisha."

Fukusi akaenda zake, na safari hii alikwenda akicheka.

Alikwenda kwa Ngedere. Ngedere alikuwa mchuuzi, mkoba begani, na alicheka na kila mtu ili watu wayaone meno yake. Fukusi akamwambia, "Ghala la Kwamteri likiharibika, mahindi yatatolewa nje yaanikwe upya. Wewe hupendi mahindi yaliyo nje?"

"Nayapenda mno," akasema Ngedere. "Panda mkobani."

Nakunda alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, na tangu utoto bibi yake alimfundisha sauti za punje. Ngedere alimkuta njia ya mtoni.

"Bi mdogo, onja hiki." Kilikuwa kijiti kilichogandishwa asali ya kuchemsha, ngumu, inang'aa. "Huli, unamumunya tu. Kidogo kidogo."

Nakunda akamumunya akienda mtoni. Akamumunya akirudi. Akamumunya amelala, mpaka usingizi ukamchukua na kijiti kikiwa shavuni. Kidogo kidogo, ndivyo alivyojiambia.

Ngedere akaja mara ya pili. Akamtazama meno, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Yamefifia, bi mdogo. Meno ya namna hiyo yakae juu ya kigoda cha Bi Namcharo? Watu watasema nini? Chukua unga huu. Tia ndimu, sugua kwa nguvu."

Unga ule ulikuwa mchanga wa mtoni na makombe ya konokono yaliyosagwa. Nakunda akasugua kwa nguvu. Kweli, meno yakawa meupe kuliko ya mtu yeyote pale Kwamteri. Mke wa jumbe alimsimamisha njiani amwulize. Bi Namcharo mwenyewe aliuona weupe ule, akafurahi. Weupe huonekana toka mbali, tundu halionekani.

Kisha fizi zikaanza kutoka damu, na Ngedere akaja mara ya tatu.

"Hiyo damu ni onyo," akasema. "Usiyaguse tena. Weka mswaki chini, mumunya kijiti upoze."

Nakunda akauweka mswaki chini.

Mavuno yakafika. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima, na watu walitaka mahindi yaingie upesi. Bi Namcharo akainuka kigodani mbele ya kijiji kizima.

"Kaa, mke mwenza," akamwambia mjukuu wake. Ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kike kwetu.

Nakunda akakaa. Wa kwanza alikuwa Mzee Mgonja, mtu wa maneno mengi. Nakunda akabandua punje ya kichwani, akaiweka juu ya gego.

"Jino, sema."

Jino lilisema, lakini lilimwambia yeye peke yake. Maumivu yalipanda mpaka sikioni. Akaihamishia punje upande wa pili. Fizi ikajaa damu. Akawatazama watu. Akayatazama mawingu. Akaimeza punje nzima.

"Kavu," akasema. "Pita."

Ya katikati akaimeza. Ya kitakoni akaimeza.

"Mbona jino lenyewe kimya?" akauliza Mzee Mgonja. "La bibi yako tulikuwa tukilisikia tuko bondeni. Hili lako linanong'ona?"

Watu wakacheka. Bi Namcharo hakucheka. Alilichukua hindi lile lile, akabandua punje, akang'ata.

Nyaa.

"Bichi," akasema.

Kicheko kikakatika. Juu ya mti, Ngedere alijiziba mdomo kwa mkono.

"Mke mwenza, fungua kinywa."

Nakunda akafungua. Ndani meno yalikuwa meupe kama mchele uliopembuliwa. Fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu, na gego moja la chini lilikuwa na tundu jeusi, la kumtosha Fukusi na wageni wake.

"Basi tumekwisha," akasema Mzee Mgonja. "Siku bibi akifa, tutakula ukungu."

"Sijafa, Mgonja. Na hindi lako ni bichi. Rudi juani."

Akakaa tena juu ya kigoda. Aling'ata mahindi ya nyumba zote siku ile, mzee yule, bila kumtazama mtu usoni, mpaka la mwisho.

Nyumbani Nakunda alilia. "Nimekudanganya, bibi."

"Hukunidanganya mimi. Mimi nina meno. Ulitaka kuwadanganya wanaokula kutoka ghala lile." Akanyoosha mkono. "Lete huo unga na hivyo vijiti."

Unga ukamwagwa njiani, vijiti vikaingia motoni. Gego lile halikuponyeka, na Bi Namcharo hakumficha. "Fizi husamehe," akamwambia. "Jino halisamehe. Hili litang'olewa, na hakuna litakaloota mahali pake." Likang'olewa.

Kisha akampashia maji vuguvugu yenye chumvi, asukutue. Akamtafunia mwenyewe kijiti cha kwanza cha mswaki kwa meno yake ya uzee, mpaka kikawa laini kama manyoya ya kifaranga.

"Inatoka damu, bibi."

"Itoke. Fizi iliyoachwa hulia ikiguswa. Iguse taratibu, kila siku. Siku moja itaacha kulia."

Nakunda akaigusa taratibu, kila siku. Akala ugali na kunde, mchicha na mapera, karanga za kuchoma. Akitaka kitamu, alikila pamoja na chakula, kisha akanywa maji na kuuacha mdomo upumzike. Fizi zikakaza. Rangi yake ikarudi. Meno yakapoteza ule weupe wa kuazima, na hakuna mtu aliyemsimamisha tena njiani. Hakujali.

Mavuno mengine yakaja. "Kaa, mke mwenza," akasema Bi Namcharo.

Watu walikuja na mahindi yao, lakini walikuja kwa mashaka. Mzee Mgonja akatega sikio waziwazi, kiganja nyuma yake.

"Jino, sema."

Ka.

"Hilo nimelisikia," akasema Mzee Mgonja, akapita na mahindi yake.

Nyumba zilipokwisha, Ngedere akashuka mtini na hindi moja, zuri, nene.

"Mimi nami nimelima," akasema. "Mila yenu inasema anayeleta kavu hupita. Au imebadilika?"

"Haijabadilika," akasema Nakunda. Akabandua punje ya kichwani. Ka. Punje ya katikati. Ka. Ngedere akaanza kujitwika mkoba, tayari kuingia.

Nakunda akaweka punje ya kitakoni juu ya gego. Akaibana kidogo tu. Haikusema ka, wala haikusema nyaa. Ilisema pu, kama ngoma ndogo. Akaitoa, akaishika kwa vidole viwili.

"Humu mna mtu."

"Hamna mtu," ikajibu sauti kutoka ndani ya punje.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fukusi akatoa kichwa.

"Mdogo mimi, sina mzigo," akasema. "Ila niambie, bi mdogo. Bibi yako mwenyewe angeweza kunipitisha. Wewe umenijuaje?"

Bi Namcharo aliinamisha kichwa asikie.

"Sauti ya tundu naijua," akasema Nakunda. "Lilikaa kinywani mwangu. Wewe ndiwe uliyelileta."

"Basi tumeshazoeana, mwanangu. Niache nipite."

"Rudi ndani kwanza."

Fukusi akadhani amepitishwa, akarudi ndani ya punje. Nakunda akaiweka juu ya gego.

"Jino, sema."

Ka.

Nakunda akatema, akachukua maji, akasukutua.

Ndiyo maana tangu siku ile wana wa Fukusi hawapigi hodi. Huingia kimya, katika punje na katika jino, na mwenye nyumba huja kujua wakishakaa. Ngedere naye alikimbilia porini bila mkoba wake. Mpaka leo hukaa ukingoni mwa shamba akionyesha watu meno, na hakuna anayenunua.

Bi Namcharo alisimama karibu na kigoda. "Mke mwenza," akasema, "hilo pengo lako limefanya kazi ambayo meno yangu yote yasingeiweza." Kisha akaenda kuchoma hindi lake, na watu walimsikia akilitafuna hadi kule bondeni.

Mwaka ule ghala lilipofunguliwa katikati ya masika, mahindi yalimiminika kama changarawe, makavu, bila vumbi. Watoto wa Kwamteri walikula wakashiba. Nakunda alikaa mlangoni mpaka nywele zake zikawa nyeupe kuliko meno yake, na alizikwa na meno yote, isipokuwa lile moja. Kigoda kipo. Mguu wake mmoja ulibadilishwa enzi za babu yangu. Miwili mingine ni ile ile.

Hadithi imekwisha, maneno yake haya: kitamu ukile, kiishe, mswaki usiishe. Na anayekuuzia weupe, mwulize kwanza habari za fizi.

Mimi siku ile nilipewa nusu ya hindi la Bi Namcharo. Nililitafuna upande mmoja tu. Msiniulize upande wa pili.

Nimeitema. Atakayeiokota, aioshe.

Haya, sasa nyanyukeni mkasukutue.