Karanga Alizozikomboa Bi Kindi

Hapo kale sana, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, Bi Kindi alikuwa mjane mwenye watoto watatu na kishamba cha karanga.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema. Bwana Nyani, jirani yake mwenye nguvu, akaja akachukua mavuno yote, gunia baada ya gunia, akayarundika darini kwake. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Bi Kindi alilia, kisha akafikiri. Bondeni miwa ilikuwa haijakauka. Akakata mzigo, akaenda nao kwa Nyani.

"Hodi, Bwana Nyani."

"Karibu. Umekuja kudai karanga zako?"

"La. Nimekuja kwa kukuonea huruma. Mkubwa kama wewe unamlisha mwanao karanga? Hivyo ni vitafunio vya sisi wadogo. Mtoto wa mkubwa hula kitamu. Hebu onja."

Nyani akautafuna muwa, fyu, fyu. Utamu ukamlegeza. Wakapatana: Bi Kindi alete miwa, Nyani atoe karanga. Haikuchukua muda dari ikawa tupu.

Nyumbani kwa Bi Kindi, asubuhi walikunywa uji mwepesi. Mchana kila mtoto alipewa konzi ya karanga za kukaanga, akazitafuna taratibu. Ilikuwa konzi moja tu, lakini iliwashikilia mpaka jioni. Karanga ina mafuta, na inajenga mwili. Manyoya yao yakang'aa, na njaa ile ikawapita.

Kwa Nyani kulikuwa na Siwatu, binti yake pekee, ambaye mama yake alikwisha kufa. Siwatu alishinda akitafuna miwa. Akila, aliruka kidogo, mara akachoka, njaa ikarudi. Manyoya yake yakaanza kunyonyoka.

Siku moja alimkuta Bi Kindi kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanao wanakula nini? Nikikimbia nao, mimi naishiwa pumzi."

Bi Kindi akaitazama ile mikono iliyokonda. Jibu lilimfika mdomoni. Kisha akayafikiria magunia yake, akaogopa Nyani asije akayarudia.

"Wanakula miwa, kama wewe," akasema. Akajitwika mtungi, akaondoka upesi bila kugeuka.

Baridi ikaja na kikohozi. Ko-ho, ko-ho, kila nyumba. Watoto wa Bi Kindi walikohoa, wakapona. Siwatu hakuwa na nguvu ya kushindana na ugonjwa. Alikufa alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa baba yake.

Bi Kindi akaenda msibani na bakuli la karanga zilizotwangwa. Nyani alikuwa hajatia kitu tumboni tangu msiba uingie. Akala kidogo, akahisi mwili unarudi. Akaliweka bakuli chini.

"Bi Kindi, hiki chakula kingemfaa mwanangu?"

"Kingemfaa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Aliniuliza kisimani, nikamdanganya."

Nyani angeweza kumvunja kwa mkono mmoja. Hakuinuka.

"Mimi niliwanyang'anya wanao," akasema kwa sauti ya chini. "Hilo ni langu. Lakini Siwatu alikunyang'anya nini?"

 Bi Kindi alikaa pale sakafuni, machozi yakimtoka, wenzake wakiaga mmoja mmoja. Hata watoto wake walipokuja kumwita, hakuweza kusimama.

Basi, watoto wangu, mnyang'anyi mfanyieni ujanja mtakavyo, ila mtoto wake msimfiche chakula kinachojenga mwili.