Mpiga Mbiu na Kibuyu cha Maji ya Mwamba

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa ya macho au ya kusinzia?

— Ya macho, bibi!

Haya. Sefu, toa mguu wako motoni, sijaombwa kuchoma nyama.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bwawa moja walikuwa na mpiga mbiu wao. Jina lake Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa kuliko kichwa. Likitokea jambo, yeye hupuliza pembe, wote wajue. Na kazi hiyo ilikuwa na mwiko wake: mpiga mbiu hatangazi la kuambiwa. Huenda kwanza mahali hapo, akaona mwenyewe, kama ni cha kuonja akaonja, ndipo akapanda kichuguu akaimba:

Mbuu! Mbuu!
Nimeona kwa jicho,
nimeonja kwa ulimi,
lililopo ndilo nisemalo!

Nanyi mwitikie "Ndilo!"

— Ndilo!

Mwaka huo mvua ilikataa. Mke wa Hondohondo alikuwa ndani ya tundu la mti na makinda watatu. Desturi ya hondohondo mnaijua? Jike huingia tunduni, mlango ukakandikwa udongo, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Hatoki mpaka watoto waote manyoya. Anachokula ni alicholeta mume. Analolijua la dunia ni alilosema mume.

Na mume alikuwa harudi na kitu. Mikuyu yote mitupu.

Mamba, mwenye bwawa, akamwita. "Mpiga mbiu, nasikia wanao wanalia mpaka huku."

"Wanalia, mwinyi."

"Basi kila siku njoo uchukue pakacha la tini za akiba kwangu. Sitaki malipo. Tusaidiane maneno tu."

Tusaidiane maneno! Mtu akikwambia hivyo, wanangu, beba watoto wako ukimbie. Hondohondo hakukimbia. Alibeba pakacha.

Sasa sikieni. Mamba alikuwa amechoka kuwinda, akataka nyama ijilete yenyewe. Aliamuru utupa utwangwe, ule mmea wa sumu ya samaki, umwagwe bwawani. Kiganja kimoja hulevya samaki. Yeye alimwaga magunia saba.

Siku ya kwanza samaki wakaelea, matumbo juu. Wanyama wakauliza, kuna nini? Hondohondo akaenda ukingoni. Akaona majani yaliyopondwa, akanusa, akajua.

"Sema ni joto," Mamba akamwambia. "Kwani joto halipo?"

Joto lilikuwapo. Hondohondo akajipoza moyo: huu si uongo, ni habari iliyokatwa mkia. Akapanda kichuguu.

Mbuu! Mbuu! Nimeona kwa jicho, nimeonja kwa ulimi, lililopo ndilo nisemalo! Ni joto, ndugu zangu!

— Ndilo!

Wakanywa. Yeye akabeba tini zake, lakini hakupita bwawani. Alipanda mlimani, penye mwamba unaodondosha maji tone kwa tone, akajaza kibuyu, akawapelekea mkewe na makinda.

— Bibi, kwa nini hakuwapa ya bwawani?

Wewe Chiku ungekuwapo siku ile, hadithi ingekuwa fupi.

Siku ya pili mtoto wa Digidigi akafa, povu mdomoni. Mama akamleta mbele ya kichuguu. "Mpiga mbiu, wewe ndiwe jicho letu. Mwanangu kafa na nini?"

Hondohondo akamtazama Mamba. Mamba akalitazama pakacha.

Mbuu! Mbuu! Nimeona kwa jicho, nimeonja kwa ulimi, lililopo ndilo nisemalo! Kala majani mabaya. Mama hakumchunga!

— Ndilo.

Mbona sauti zimepungua? Ndivyo ilivyokuwa. Mama Digidigi akainama, akaenda kumzika mwanawe peke yake, kwa aibu. Kafiwa, na lawama kabebeshwa yeye.

Siku ya tatu hakuna aliyekunywa. Walisimama ukingoni, ndimi nje, wakiyatazama maji.

"Wakihama nitatawala matope?" Mamba akasema. "Leo maneno hayatoshi. Kunywa mbele yao."

"Mwinyi, nitakufa!"

"Mjinga wewe. Nani kasema unywe ya bwawa? Kibuyu chako si unacho?"

Hondohondo akajaza kibuyu kwenye mwamba, akakiziba kwa kizibo. Akaja akakizamisha bwawani, akakitoa kinachuruzika. Akazibua, akanywa maji ya mwamba mpaka koo likalia. Wote wanaona.

Mbuu! Mbuu! Nimeona kwa jicho, nimeonja kwa ulimi!

Hawakungoja amalize. Walikanyagana kuyakimbilia maji.

Mamba akafurahi. "Leo huondoki mikono mitupu. Kaa ule." Akakaa. Akala mpaka jua likapita utosi. Kisha akapanda mlimani, akajaza kibuyu, akarudi kwake.

Chini ya mti akamkuta jirani yao, mama Kima, amejikunja, ameshika tumbo.

Hondohondo akaita, "Mama watoto! Toa mdomo, nimeleta maji."

Ufa kimya.

"Mama watoto!"

"Usipige kelele," Kima akasema, sauti imekauka. "Walilia kiu. Wewe umechelewa. Nikamwambia, shoga, nikuletee ya bwawani? Akasita. Akasema mume wangu huleta ya mlimani. Nikamwambia, hukuisikia mbiu? Mumeo kaonja, nimemwona kwa macho yangu. Akasema, 'Kama kaonja yeye, lete.'"

Hondohondo akaubomoa udongo kwa mdomo wake. Ndani walikuwa wanne, na nje, chini ya ufa, kifuu cha nazi kilichokauka. Wamekunywa mpaka tone la mwisho.

Alipogeuka, Kima naye alikuwa ameshanyamaza.

Akarudi kichuguuni, akapuliza. Mbuu! Mbuu! Nimeona kwa jicho...

Kuitikia hakuna. Waliomwamini walikuwa wamelala ukingoni, wote. Mamba akamnyang'anya pembe, akamvisha Kunguru. Hata wiki haikupita wakaja wanyama wageni, wana kiu, wakauliza maji ya hapa yakoje.

— Kunguru akasemaje, bibi?

Ziulize tini alizopewa.

Shikeni hili mwende nalo: pembe ya watu ni ya watu, si ya anayekulisha. Na uongo ukishauvisha sauti yako, hufika nyumbani kwako kabla yako, ukafunguliwa mlango kwa sababu ya sauti hiyo.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye ule ufa. Chiku, funika mtungi. Nanyi mwende mkalale.