Anaeli Mbeba-Kengele na Ndiva ya Kighonda

Ajenda ya Saba, Kifungu (b): Maombi ya Kuongeza Urefu wa Miguu ya Kiti cha Mchungaji ili Kilingane na Hadhi ya Ofisi.

Ndivyo ilivyoandikwa, wana wa Kighonda, na kamati ndogo imekwisha kuundwa, ikaagiza chai, ikainywa, ikaahirisha. Kabla haijarudi na vipimo vyake, tulieni niwasimulie habari za mchungaji wetu wa kwanza, ili atakayenyoosha mkono kupiga kura ajue anachokipandisha.

Zama zile misitu ilipokuwa bado imeufunika mlima huu hadi kifuani, na heshima ya ukoo wa wafua chuma ikipimwa kwa majembe yake, alizaliwa Anaeli mwana wa Kiondo, mwana wa Mghamba, Mghamba yule aliyelainisha chuma kwa kukikodolea macho tu. Anaeli akabatizwa, akasoma kwa wamisionari, akarudi na joho jeusi mwilini na kengele ya shaba mgongoni, kengele ambayo wapagazi wote wa stesheni ya reli waliitazama wakakumbuka wana shughuli kwingine. Aliipandisha mlima peke yake, na pale alipoitua apumzike pakabonyea shimo ambalo mbuzi hunywa maji humo mpaka leo. Wakamwita Mbeba-Kengele, wakamwita Mgongo Usiopinda, na wanawake wakamtungia wimbo.

Lakini kanisa hakulijenga peke yake, na hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Alikuwa na wazee wa kanisa, na wa kwanza wao alikuwa Sefania, mlinzi wa baragumu, ile pembe ya tandala iliyoita msaragambo, kazi ya wote: ikilia, kila mtu hutoka na jembe, hata aliyekuja kuposa. Siku ya kuweka msingi walipatana kwamba mchungaji ashike Neno na meza ya Bwana, wazee washike wagonjwa, mashauri na kazi za mikono, na jambo lolote kubwa lisikatwe ila wote wameketi benchi moja. "Mchungaji ni mzee kati ya wazee," alitangaza Anaeli mwenyewe, na watu wakashangilia, naye akafurahi, maana alikuwa bado hajaonja uchungu wa maneno hayo.

Akauonja. Sefania alikuwa mwembamba, tena anachechemea, lakini akimwombea mgonjwa, mgonjwa huulizia uji. Mchungaji akihubiri mpaka jua linageuka, watu walisema, "Amesema vyema." Sefania akitangaza siku ya kufyeka njia, walisema, "Mzee huyu ameniingia moyoni." Mbeba-Kengele aliyasikia hayo, akatabasamu kwa meno tu, na wivu ukamwingia kama moshi katika nyumba ya msonge: huuoni ulikopitia, ila macho yanakuwasha.

Kwanza akawachukua wagonjwa. Kisha akachukua mashauri. Mwisho akasimama madhabahuni, akatamka: "Kuanzia leo kundi lina mchungaji mmoja na sauti moja. Kengele ndiyo itakayoita. Baragumu litundikwe ukutani."

Sefania akalitundika nyumbani kwake, na msidhani ulikuwa unyenyekevu. Naye alikuwa na wivu wake, uliokomaa zaidi kwa kuwa ulikaa kizani: toka kengele ilipopanda mlima, hakuna aliyemtungia yeye hata ubeti mmoja.

Ikaja masika. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo tuliloachiwa na mababu kwa ajili ya mashamba, na mvua ikalijaza mpaka vyura wakahama. Alasiri moja Anaeli aliona ukuta wake unatoa maji mekundu, na chini ya ukuta ule zilikuwa nyumba zetu zote. Akashuka mbio, akaipiga kengele kwa nguvu zote za ukoo wake, kisha akarudi ndivani kuwangoja watu wa majembe.

Watu waliisikia. Wakanawa miguu, wakavaa viatu, wakachukua vitabu vya nyimbo, wakaingia kanisani, wanaume kulia, wanawake kushoto, wakaanza wimbo wa kuingilia, kwa sababu kengele ni kengele. Beti zikaisha, mchungaji hajatokea; wakaanza wimbo mwingine, mrefu zaidi.

Ukuta ukapasuka. Mgongo Usiopinda akajitosa katika ule ufa, akaegemeza bamba la jiwe mgongoni, akasimama, maji yakimpiga kifuani, akinguruma, "Njooni!" Aliyemsikia ni Nakiete, mke wa Sefania, aliyekuwa akikata majani ya mbuzi karibu na hapo. Akaporomoka hadi nyumbani, akamkuta mumewe ameketi, analitazama baragumu lake ukutani.

"Baba Elinaja, ndiva inakwenda! Puliza!"

"Nimekatazwa. Ana kengele yake."

"Watu wako kanisani wanaimba, wewe!"

"Waimbe. Si ndiyo sauti moja?"

"Yuko ndani ya maji, ameziba kwa mgongo."

Sefania akamgeukia. "Na nani?"

"Peke yake! Tena akiweza peke yake, huo ni wimbo mwingine, na utausikia mpaka meno yakuishe."

Sefania akalitungua baragumu.

Likalia, na kanisa likamwagika katikati ya ubeti. Wakapanda na majembe, na viatu vyao vya ibada, wakashindilia mawe na udongo na migomba mpaka maji yakatii. Sefania aliingia ufani, akaweka bega lake jembamba chini ya jiwe.

"Umechelewa, mwenzangu," akasema Anaeli.

"Hukuniita, Baba Mchungaji."

"Nimepiga kengele."

"Ile humwita Mungu. Watu huitwa hivi."

Anaeli akacheka mpaka akakohoa, na mbele ya watu wote akatamka: "Baragumu lirudi kwa mwenyewe, na wagonjwa, na mashauri. Na mimi nimerudi kati yenu." Tangu siku hiyo hapa Kighonda mchungaji hashiki baragumu, mzee hashiki kamba ya kengele, na hakuna anayekata shauri akiwa amesimama.

Wako wasemao kwamba Mbeba-Kengele hakutoka majini, kwamba mlima ulifunguka ukampokea kama mwanawe, na jiwe likajifunga nyuma yake. Ni maneno mazuri, na watoto wayajue. Kilichotokea hasa ni kwamba alishikwa na homa ya mapafu, akauguzwa nyumbani kwa Sefania, akafa siku ya Alhamisi, na Sefania akapuliza baragumu kuwaita watu waje kuchimba kaburi.